Bidoni za Marehemu Bwana Yangu

Wamama zangu, wadada zangu, amani ya Mungu iwe juu yenu. Mumetaka niseme. Nitasema kidogo, na nikilia muniache nilie.

Miaka ya mwanzo ya vita bwana yangu alitoka asubuhi kwenda garaji, maana alikuwa fundi wa magari. Walimurudisha mu blanketi. Mi nikaingia eda. Si munajua eda: mujane anakaa ndani, haendi sokoni, hauzi kitu. Binti yetu alikuwa mudogo, ndio kwanza ameacha ziwa.

Mwanzo ndugu walileta chakula. Kisha mitaa ikafungwa, kila mutu akabaki na shida yake. Wale wamama waliokuwa wanashuka na mboga kutoka milimani hawakuweza kupita tena. Nyumbani kukabaki unga tu. Bugali mukavu, asubuhi na jioni. Miguu ya mutoto ikaanza kuvimba, nywele zikageuka rangi. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa ile miguu kuliko mabomu.

Nilikuwa na mbegu za lengalenga, ile mboga ya majani kama muchicha, nimezifunga mu kitambaa. Uwanja wetu ni sima tupu, saruji kila mahali. Lakini bwana yangu aliacha madumu yake, zile bidoni za huile, mafuta ya magari. Nikazikata, nikajaza udongo, nikapanda. Zikaota, nikashukuru. Halafu zikawa njano, zikalala chini zote.

Jirani yetu, mama mumoja mukristo aliyekimbia vita mu mutaa wa Mutakura akaja kukaa kwa dada yake, alikuwa ananichungulia juu ya ukuta.

“Mama, hizo bidoni bado zina huile. Mboga haiwezi kunywa huile. Tupa.”

“Apana! Situpi! Ni vitu vya mikono yake.”

Wallahi, nilimufokea. Lakini zile bidoni zilikuwa zinanuka vile alivyokuwa ananuka akirudi kazini, na mi sikuwa na kingine cha kunusa.

Hakukasirika. Akasema pole pole, “Basi ziweke, mama. Lakini mutoto atakula nini?”

Nikakaa chini pale kwenye sima, nikalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikazisogeza ukutani mi mwenyewe, moja moja.

Kesho yake akanipitishia juu ya ukuta madebe ya mawese, ameyaosha kwa majivu, ameyatoboa chini kwa musumari. Nikagawana naye mbegu. Bomba lilikuwa linakauka ovyo, basi nikawa natawadha juu ya beseni, maji yale nayapa mboga. Lengalenga ikashika. Siku mutoto alilamba sahani akaomba tena, nilisujudu palepale jikoni. Taratibu miguu ikarudi.

Namushukuru Mungu. Namushukuru yule mama, popote alipo. Alihama na watu wake, sijamuona tena.

Funzo langu ni dogo. Musimupe mujane pole tupu mukaenda zenu. Leo mwenzetu mumoja hayuko hapa, yuko mu eda, na ana watoto. Pale mulangoni nimeweka madebe. Yametobolewa, yana udongo, ni mazito. Nani atabeba na mi?