Matundu Sitini na Mawili

Ndugu, jamaa na majirani mliokuwa nasi tangu juzi, familia imenipa mimi, mpwa wake mkubwa, kazi ya kuwasomea safari ya mjomba wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Upepo, na wengine hamkuwahi kulijua lile alilopewa na wazazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tano wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akafanya vibarua vya kubeba mchanga, akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1969, akahitimu uashi Novemba 1971, na tarehe 10 Januari 1972 akaajiriwa na idara ya majengo, alikotumika kwa miaka arobaini.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na mkutubi wa maktaba kuu, akifika kwa kuchelewa huku saruji imemganda kwenye kucha, jambo ambalo mama mkwe hakulisahau mpaka anaingia kaburini, na wakajaliwa watoto wanne, wa kike watatu na wa kiume mmoja.

Mwezi Machi 1983 viyoyozi vililetwa maktaba, na marehemu akaagizwa kuziba matundu yote ya hewa chini ya dari, yaliyokuwepo tangu enzi za babu zetu, na kufunika kuta za chokaa kwa lipu ya saruji, akayaziba yote sitini na mawili kwa siku tisa, kazi safi kama uso wa sahani, akapewa barua ya pongezi, nayo ikatundikwa sebuleni.

Miaka ilivyokwenda unyevu ulikosa pa kutokea, lipu ikavimba, vitabu vikaota ukungu, mitambo ikanguruma kutwa nzima na wasomaji bado wakitoka jasho, hata mwaka 2006 wakubwa wakaamua jengo livunjwe, na mkewe akaileta habari hiyo nyumbani akilia.

Tarehe 22 Juni 2006 marehemu aliingia kwenye kikao ambacho hakualikwa, akiwa na nguo za kazi, akasema mbele ya wote kwamba jengo halina ugonjwa, ila limezibwa pumzi, na aliyeliziba ni yeye, akaomba chumba kimoja kwa mwezi mmoja, wengine wakacheka kwamba mzee ameanza kuvionea wivu viyoyozi, lakini wakampa chumba cha magazeti.

Akabandua saruji, akarudisha chokaa, akatengeneza vibao vya madirisha, akazibua matundu yote ya chumba hicho, na siku ya ukaguzi, saa nane mchana, mtambo ukiwa umezimwa, kipimajoto cha mhandisi aliyempinga kikaoni kilionyesha nyuzi tano chini ya vyumba vingine, mhandisi akakikung'uta akidhani kimeharibika, kisha akainua kipande cha karatasi karibu na ukuta, tukakiona kikicheza, na nilikuwepo mwenyewe, watu wazima walisogea ukutani kama wanaosikiliza mtu akipumua.

Kazi ya jengo zima ilichukua miaka mitatu, amri ya kuvunja ikafutwa, umeme wa maktaba ukapungua hadi theluthi moja, na waashi kutoka miji mingine wakaja kuushangaa upepo.

Marehemu alistaafu mwaka 2012, akaanza kuugua shinikizo la damu mwaka 2017, figo zikafuata mwaka 2021, na tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, akatutoka akiwa na miaka sabini na miezi tisa, akiacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotupikia na kutufungulia milango, na mafundi wenzake waliokesha wakimpigia stori za kazini hadi akacheka kwa maumivu.

Wiki moja kabla ya kwenda alituagiza kwamba historia hii isimpambe, iseme wazi kuwa aliyaziba yeye, kwa mkono wake, na akapongezwa, nasi, mjomba, tumesema, hatukuficha, lakini hukutukataza kusema kwamba ulirudi ukayafungua, moja baada ya jingine, yote sitini na mawili, basi na hilo tumelisema, sasa pumzika kwa amani.