Nyumba Arobaini Juu ya Josho

Hapa Rangwe, nyuma ya soko, kuna benchi ambalo kahawa anayotuuzia Phelesia imelipaka rangi. Mimi hukaa pembeni. Miguu yangu haitaki tena mwendo. Katikati hukaa Joash, tunayemwita Wakili kwa sababu alifagia korti miaka kumi na miwili. Wa tatu ni Maroa, Mkuria wa Ntimaru, mchanganya saruji, kwa hivyo ni Injinia. Asubuhi hiyo picha ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa soko, na kahawa ilitupolea mikononi tukiitazama: nyumba juu ya nyumba juu ya nyumba, ghorofa nne, familia arobaini, pale kwenye josho la zamani alipokuwa baba mkwe wangu akiogesha ng'ombe.

Injinia alitueleza. Sheria ya kwanza ilitaka kila nyumba iwe na kiwanja kipana, basi mwenye kipande kidogo akakatazwa kujenga, na wapangaji wakabaki kugombania vyumba vichache. Sasa kaunti imelegeza sheria, na shamba la josho limeachiliwa. Mimi nilishika kifua. Mahali ng'ombe walipokanyagana, watu watatosha?

Na jina la Phelesia lilikuwa kwenye orodha. Ghorofa ya tatu. Alitakiwa kutia sahihi kabla ya saa sita mchana, la sivyo nyumba iende kwa mwingine. Chumba alichopanga kilibomolewa Jumamosi, mwenye ploti anataka duka. Lakini shemeji yake mkubwa, Oyaro, hajajenga, na kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Ukimtangulia, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, inakufuata, wewe na watoto.

— Wakubwa wangu, niandike au niache? akatuuliza, birika mkononi.

— Uache, akasema Wakili, ameweka miguu juu ya gunia lililokuwa chini ya benchi. Wewe ni mjane. Nani atakutangulia kwenye ngazi na jogoo na moto, kama mume anavyotangulia kwenye mji mpya?

— Hajengi huyo, anahamia, akasema Injinia. Anayejenga ni mimi.

— Na Oyaro akipewa ya chini? Mke wa mdogo wake atatembea juu ya kichwa chake kila siku. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sasa wa chini atakaa kivulini bila kuchuma.

Injinia akasema chira haipiti kwenye saruji. Wakili akasema itateremka na mabomba. Kutoka hapo wakapaa: majogoo arobaini watawika alfajiri moja, mji wote uamke kabla ya Mungu; halafu kaunti itaanza kuuza hati za mawingu; na wa ghorofa ya nne, akichungulia hadi Tanzania, atadaiwa pasipoti.

Mimi nilimkumbuka mama mkwe. Alikuwa akisema, "Nyumba si ukuta, mwanangu. Nyumba ni pale moshi wako unapotokea." Nikawauliza moshi wa ghorofa ya tatu unatokea wapi. Wakabishana juu ya hilo pia.

Phelesia alikuwa akitumiminia tu, akisikiliza.

Saa tano na nusu akafika binti wa ofisi ya ardhi, Terry, na daftari la sahihi kwapani. Akaomba kahawa, akakaa, akawaacha wazee wamalize mambo ya mabomba. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

— Na jana, huyu mama alilala wapi?

Mimi nilijua. Wakili akaondoa miguu juu ya lile gunia, mmoja mmoja, kwa sababu lilikuwa godoro la Phelesia, limekunjwa, limefungwa kamba.

Phelesia akaweka birika chini, akafuta mikono kwa leso.

— Nionyeshe pa kuandika, akamwambia Terry.

Hakuna aliyemkataza. Nikaigeukia ile picha ukutani, nikahesabu madirisha kutoka chini, moja, mbili, tatu, na macho yangu haya mabovu yakatafuta moshi wake.