Chupa ya Evelina

— Haya, niambie wewe: pafu la mtoto wa Lushoto na la mtoto wa Kampala, ni mamoja?

Swali alilirusha Ibrahimu, ambaye kijiweni wanamwita Bunge maana huongea bila kuchaguliwa na mtu. Ukungu ulikuwa bado umekalia benchi, na Bi Jenoveva alimimina kahawa kwa mkono mwepesi kuliko wiki zote hizi. Mjukuu wake Evelina, wa miaka mitano, mwenye pumu, alikuwa amelala hadi asubuhi bila kifua kupiga filimbi. Nayo redio ilikuwa imetangaza kwamba nchi kadhaa zinataka madaktari bingwa wa vifua vya watoto wasomee mtaala mmoja.

— Haiwezekani! alisema Valentino, mchanjaji wa mbuzi, jina la kijiweni Dokta. Mbuzi wa Kwai anakohoa baridi, wa Muheza anakohoa joto.

— Ndiyo hapo! Bunge alidakia. Mcheza kwao hutunzwa. Pafu la mlimani lisomewe mlimani.

— Kila kata na bingwa wake.

— Kata? Kila kitongoji! Shahidi huyu hapa. Bi Jenoveva, si yule daktari wa kwanza, aliyesomea Uganda, dawa yake iligoma? Wa pili, wa Afrika Kusini, siku nne tu mtoto anapumua!

— Ndiyo, alijibu Bi Jenoveva, akiliangalia birika. Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia hadi kanisani. Saumu wa mbogamboga aliisikia, akaghairi kumpeleka mwanawe anayekohoa kwa yule wa Uganda.

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri gari la Tanga, alirudisha kikombe.

— Shikamoo bibi. Samahani, yule wa kwanza alikupa dawa gani?

Benchi zima lilimgeukia. Kubishana kote huko, hilo hakuna aliyeuliza.

Bi Jenoveva alitua birika. Mtoto amepona, nani angejua? Lakini mtoto wa Saumu bado anakohoa.

— Marahaba. Ile ile, mwanangu. Dawa ile ile ya kupuliza, na chupa ile ile tupu ya maji: unaitoboa kitako, unachomeka dawa, mtoto anavuta pumzi kwenye mdomo wa chupa. Wote wawili walinionyesha sawasawa, hadi kuhesabu pumzi.

— Sasa ya kwanza iligomaje? Bunge alifoka.

— Niliona aibu. Waseme mjukuu wa Jenoveva ananyonya chupa ya jalalani? Nikampulizia mdomoni hivi hivi, dawa ikaishia ulimini; chupa nimeitumia kwa huyu wa pili tu. Ile ya kwanza nikatilia mbegu za karoti.