Bi Akiba, Aliyekumbuka kwa Niaba ya Seva

Kabla sijamsifu Bi Akiba, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, niseme wazi: kuna jambo nimelificha karibu muda wote huo. Nilikuwa mkuu wake. Daktari amenishauri nisipange mambo ya mbali, kwa hiyo nitalisema humu humu kwenye jarida letu.

Waliokuja juzi hawajui tulikotoka. Tovuti yetu ya kuomba vyeti kila ikifunguliwa na watu kumi kwa pamoja, programu ilikuwa inajaza kumbukumbu kidogo iliyopangiwa kwenye seva na kukata roho. Dawa inajulikana: majibu yanayoulizwa sana yawekwe akiba, yasitafutwe upya kila mara. Lakini akiba nayo inahitaji kumbukumbu. Kikao kikaamua majibu yawekwe kwa karani wa mapokezi, mwenye kichwa kisichopitwa na kitu. Jina la Bi Akiba alilipata siku hiyo.

Kila ombi lilimfikia yeye kwanza. Jibu likiwa kichwani, analichapa. Lisipokuwepo, analiacha lipite kwenye seva. Alimaliza maombi mia nne kwa siku huku akimenya chungwa.

Ijumaa mchana alitakiwa kusahau yote, majibu yasichakae. Aliutazama ukuta nusu saa, akasahau kweli kweli. Mumewe alikuja kulalamika: jamani bosi, mwenzangu akirudi Ijumaa ananiuliza mimi nani na nimeingiaje. Ijumaa moja tu hakusahau. Dirisha la tatu lilikuwa limegeuzwa choo, yeye akaendelea kuwajibu watu wapeleke picha dirisha la tatu, na wiki nzima waombaji walipanga foleni mlango wa choo na picha zao mkononi, kwa adabu kabisa.

Mara mbili ilikuja barua ya kumpeleka makao makuu kwa cheo. Mara mbili nilijibu kwamba seva haiwezi kuachwa bila yeye.

Asante, Bi Akiba. Nenda kapumzike, na sasa ukumbuke unachotaka mwenyewe.

Seva ilikuwa na kumbukumbu tele. Kile kikomo kidogo cha kumbukumbu nilikiandika mimi siku ya majaribio, nikasahau kukiondoa. Nilikigundua mwaka wa tatu, nikakiondoa asubuhi moja na kuiachia seva ishike majibu yenyewe. Tovuti ikaenda kama maji. Bi Akiba alikaa kutwa bila ombi hata moja, kisha akaja kuniuliza amekosa nini. Badala ya kumwambia kwamba mwenye kosa ni mimi, jioni ile nilikirudisha kile kikomo.