Kiti cha Bi Ngoja Kilimani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, msanifu na mjenzi wetu mkuu anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Majengo ya kisiwa chetu kwa miaka thelathini na minne. Au thelathini na mitano. Faili linasema hivi, mwenyewe anasema vile, na mimi niliyekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa nimeshindwa kuwapatanisha.

Chanzo ni mwaka wake wa kwanza. Alipewa kazi ya kujenga shule, akabeba kiti cha mbao mpaka kiwanjani, akakaa. Alikaa jua lote, akakaa mvua yote, akiutazama mteremko. Mkuu wa idara wa wakati ule aliandika kwenye faili kwamba mtumishi huyu hajaanza kazi, na mwaka ule haukuhesabiwa. Kila aliyeuliza ujenzi unaanza lini aliambiwa angoje kidogo, na ndipo akaitwa Bi Ngoja.

Shule ilipokamilika, ukuta wake ulikuwa umepinda. Mwalimu mkuu alikuja juu, akidai watoto watadhani fundi alikuwa amelewa. Bi Ngoja alimjibu kwa upole kwamba ukuta unayapisha maji. Mvua kubwa iliyofuata iliingia sokoni, ikaingia mpaka ofisini kwetu ikalowesha mafaili, lakini madarasa yalibaki makavu.

Kisha akajenga zahanati, maktaba na nyumba kadhaa, kila moja ikifuata mwinuko wa ardhi yake. Nilipotumwa kuzipiga picha kwa ajili ya jarida hili, niliitafuta maktaba mpaka nikachoka, kumbe nilikuwa nimesimama juu ya paa lake. Mumewe, fundi cherehani, hulalamika kwamba tangu waoane hajawahi kutazamwa kwa makini kama kichuguu. Hucheka akisema hivyo, ila sina hakika kama anatania.

Siku hizi sina hakika na mengi. Wodi ya wazazi inatakiwa kuanza mwezi ujao, maana pale zahanati akina mama wanajifungulia nyuma ya pazia, na wagonjwa wengine wamo chumba hichohicho. Kazi hiyo nimekabidhiwa mimi. Nilitegemea michoro. Bi Ngoja alinipa kiti chake na daftari tupu, akaenda zake kunywa chai. Niliumia, nikadhani ananifanyia mzaha.

Nimekaa kilimani, kwenye kiwanja cha wodi, siku kumi na moja, wapita njia wakiniuliza kama naumwa. Kila siku saa sita mchana mbuzi wa pale huhamia nyuma ya mwamba. Siku ya tisa niliwafuata, nikakuta upepo mzuri ajabu. Kwenye mchoro nilioufanya kwa siri, pale palikuwa stoo, na akina mama niliwaweka upande ambao mbuzi wanaukimbia. Mchoro huo nimeuchana. Mkunga anasema wazazi hawawezi kungoja mwaka mzima, na ni kweli. Basi mwezi ujao tutachimba msingi wa chumba cha kujifungulia pale wanapolala mbuzi. Mengine bado yananichanganya.

Bi Ngoja, asante sana. Nenda ukapumzike, uwe na afya na furaha, umtazame na mumeo, naye amengoja vya kutosha. Kiti nitakaa nacho. Faili nimelirekebisha kwa mkono wangu mwenyewe: ni miaka thelathini na mitano.