Vidonge Vile Vilikuwa Vyangu

Bwana Yesu asifiwe, kanisa la Mbale! Na nyinyi mliobanana nyuma kule karibu na mlango, asifiwe hata huko!

Wengi wenu mnanijua kwa biashara kuliko kwa jina. Mimi ni yule Mkenya wa mukene. Naitwa Fridah, Mama Zipora. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, lakini nakaa Nalufenya kule Jinja, na kila wiki nachukua hao dagaa wakavu ziwani Masese nawaletea hapa. Mume wangu alilala katika Bwana miaka sita iliyopita. Aliniachia mtoto mmoja, Zipora, ana miaka kumi na sita, anasoma na kulala shuleni hapa hapa Nabuyonga. Mnamwona. Yule pale benchi ya tatu, mwenye gauni la kijani.

Ndugu zangu, leo nimesimama kwa sababu ya jina la mtoto huyu. Maneno mliyoyasikia juu yake yalitoka kwenye mkoba wangu mimi. Naomba mnisikilize tangu mwanzo, maana nikianzia mwisho mtanielewa vibaya, na kueleweka vibaya nimekwisha kushiba.

Nilipofika miaka thelathini na tano, nikiwa mjane, mtu mzima, nilianza kutoka chunusi. Sio moja wala mbili. Zilishika kidevu chote na taya zote mbili mpaka shingoni. Zilikuwa kubwa, ngumu, za ndani kwa ndani, na zilikuwa zinauma hata nikilalia mto. Siku zangu za mwezi zikikaribia, ndio zinachemka kabisa. Wazee mnisamehe, haya mambo lazima niyataje, bila hayo ushuhuda hausimami.

Zipora wakati huo alikuwa na miaka kumi na tatu, uso laini kama yai. Majirani wakanitania, "Mama Zipora, chunusi za mtoto zimekosea kitanda!" Nikacheka nao. Nikiingia ndani nalia. Kule Masese wanawake wa samaki walisema mukene imenirukia usoni ikagoma kutoka. Huo ulikuwa utani, nami nautaka utani, bila utani mtu hawezi kuuza samaki. Lakini kulikuwa na mteja mmoja hapa sokoni, mteja wangu wa miaka, ambaye siku moja aliutazama uso wangu, akautazama mzigo, akasema atarudi. Hakurudi. Tangu siku hiyo nikaanza kufunga kitambaa kikubwa, nakishusha mpaka kinafunika mashavu, nakizungusha chini ya kidevu. Jua la saa saba linawaka na mimi nimejifunga kama mgonjwa wa meno.

Sasa sikieni kosa langu la kwanza. Kule kanisani kwetu Jinja, kila mwisho wa mwezi tunaombea chupa za mafuta, kila mtu anabeba yake nyumbani. Nikajiambia, Fridah, hili ni shambulio, lipake upako. Nikapaka mafuta yale usoni asubuhi na jioni, siku arobaini, huku nimefunga chakula cha mchana. Ndugu zangu, uso uliiva! Kila nilipopaka, zilizidi. Na kila zilipozidi, nilisema imani yangu ni ndogo, naongeza mafuta. Chupa ikiisha naomba nyingine kwa mzee wa kanisa, naye ananisifu kwamba mimi ni mama wa maombi. Hakuna aliyeniuliza nayapeleka wapi.

Siku arobaini zilipoisha, nilikuwa siwezi kufungua mdomo vizuri kula. Nikaamini Mungu ameniona mchafu. Hilo ndilo lililonivunja, kuliko hata chunusi zenyewe. Nilikuwa naongoza wimbo kanisani kwetu, nikaacha. Nikaanza kukaa nyuma karibu na spika, mahali ambapo watu hawapendi kukaa kwa sababu ya kelele.

Mungu ana njia zake. Nilipata malaria, nikaenda kliniki pale Jinja, na daktari alikuwa mama wa makamo, Msoga wa huko huko, mtu wa maneno machache. Alimaliza mambo ya malaria, halafu akaniambia nitoe kitambaa. Nikatoa. Akanisogelea, akaniita nyabo, mama, kwa heshima.

"Nyabo, umepaka nini?"

Nikamwambia ukweli, mafuta ya maombi. Hakucheka, Bwana ambariki.

"Omba, usiache kuomba. Lakini hiyo mafuta paka kwa kichwa, kwa uso hapana, inaziba ngozi. Na hii kitu haitoki inje. Inatoka ndani. Ni homoni."

Akanieleza polepole. Kwamba kila mwanamke ana kiasi kidogo cha homoni za kiume mwilini, na kwa wengine ngozi ya kidevu na taya inazisikia kupita kiasi, inatoa mafuta mengi, inaziba, inavimba. Kwamba huu si uchafu, na si laana. Kwamba wanawake wa miaka thelathini, arobaini, wako wengi wanaopata, ila wanajifunga vitambaa kama mimi. Akaniuliza kama siku zangu zinapotea miezi. Nikasema ndiyo, zinapotea. Akanipima damu, akanipima presha, akaniuliza kama navuta sigara, kama naumwa kichwa kile cha kuona nyota nyota, kama nimewahi kuganda damu mguuni, kama natarajia mtoto. Nilijibu hapana, hapana, hapana, na la mwisho nikacheka. Mtoto na nani?

Akasema dawa ziko za namna mbili kwa mtu kama mimi. Moja ni kidonge ambacho wengine wanapewa kwa ajili ya presha, nacho kinazuia hizo homoni. Nyingine ni vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo vinazituliza na kupanga siku za mwezi. Kwangu mimi alichagua hivyo vya pili, kwa sababu ya siku zangu kuvurugika. Akanipa na ya kupaka. Akanionya nisitegemee wiki mbili. "Hesabu miezi, nyabo. Mitatu, mine. Ukiona kitu yoyote mbaya, mguu kuvimba, kichwa kuuma sana, kifua, rudi mbio."

Nikatoka na pakiti ile mkononi, nikaiona kama nyoka. Kila mwanamke mzima humu ndani anaijua ile pakiti. Ina mistari, ina siku za wiki, huwezi kudanganya ni panadol. Na mimi ni mjane. Laiti ningepewa ile ya presha! Mngeniombea, mngeniletea na matunda.

Nikameza kwa siri. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili tumbo lilinichafuka kidogo, likatulia. Wa tatu, ndugu zangu, niliamka nikapitisha mkono kidevuni, mkono ukateleza. Sikuamini. Nikapitisha tena! Nikamwita jirani aje aangalie, nikamwambia nimebadilisha sabuni. Ona basi, hata kwenye furaha nilidanganya.

Sasa tunafika hapa. Mnakumbuka ule mkutano wa wanawake wa Jinja na Mbale, uliofanyika ndani ya jengo hili hili, mwanzo wa muhula uliopita. Mnajua desturi yetu. Tukiitwa mbele kupiga magoti, mikoba haiendi madhabahuni, dada mmoja anabaki kwenye benchi anatushikia. Siku ile alibaki Mama Khainza. Alikuwa na mikoba kama minane mapajani, mtu angebeba vipi yote? Wangu ukapinduka. Nilirudi kutoka kwenye maombi uso umelowa machozi, nikakuta pakiti yangu mkononi mwake na macho kumi yanaitazama.

"Dada, hii imeanguka. Ni yako?"

Mama Khainza hakuuliza kwa ubaya. Nataka hilo lijulikane. Aliuliza kama mtu anayerudisha kitu. Na mimi, niliyetoka kupiga magoti dakika ile ile, nilifungua mdomo nikasema, "Mkoba huu huwa anaubeba Zipora."

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri ubaya wa maneno yale. Ni kweli Zipora aliubeba mkoba ule likizo. Sikusema vidonge ni vyake. Niliwaachia wenzangu sentensi waimalizie wenyewe, nikajua wataimalizia, na nikachukua pakiti nikatia mfukoni. Mama mmoja akanishika bega, akasema, "Pole, mama. Watoto ya siku hizi." Nikaitikia, "Asante." Nilisema asante!

Nikarudi Jinja. Pakiti nikaitupa chooni. Nilijiambia naacha dawa kwa sababu nataka kumpendeza Mungu. Uongo mwingine. Niliacha kwa sababu niliwaogopa nyinyi. Chunusi zikarudi, nami nikaona afadhali, sasa tumelipana. Mukene nikawa naituma kwa mwenzangu ailete Mbale. Mimi mwenyewe mlikuwa hamnioni.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikuwa nimejificha Jinja, mtoto yuko hapa, katikati ya maneno. Alitolewa kwenye kwaya ya vijana bila kuambiwa sababu. Rafiki yake wa karibu akakatazwa na mama yake kukaa naye dawati moja. Zipora hakuniandikia chochote. Alikuja likizo, akafika mlangoni, na kabla hajaweka sanduku chini nikaona amefunga kitambaa. Ameshusha mashavuni, amezungusha chini ya kidevu. Vile vile ninavyofunga mimi.

Nikadhani ametoka chunusi. Nikamfungua mwenyewe. Uso ulikuwa safi, hata kipele kimoja hakuna.

Akaniambia, "Mama, wanasema mimi nameza vidonge. Ni vidonge gani? Nilifanya nini?"

Nilikaa chini palepale. Mimi naujua uzito wa kile kitambaa. Nilikifunga miaka kwa sababu ya uso wangu, na sasa mtoto mwenye uso safi anakifunga kwa sababu ya mdomo wangu. Nikamwambia yote. Nilimwambia vidonge ni vyangu, ni vya ngozi, na kwamba nilimuuza mbele ya watu ili mimi nipone. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, "Wao unawaambia lini?"

Nilianza kwa kurudi kliniki. Daktari akauliza kwa nini niliacha. Nikasema, watu. Akanipima presha upya, akanipa pakiti mpya, akasema, "Hao watu ndio wanakunywa hii dawa ama ni wewe?" Hayo tu. Nikatoka nje nikaomba nikiwa nimesimama kando ya barabara, macho wazi. Sikuomba chunusi ziondoke. Niliomba woga uondoke. Na hapo, ndugu zangu, Bwana alinifungua! Sikuanguka, sikutetemeka. Nilisikia tu nimechoka kuogopa, kama mtu anayetua gunia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na karibu nimpoteze hata niliyemzaa.

Leo ni mwezi wa tatu tangu nianze tena, na nimechelewa kusimama hapa, najua. Tazameni uso wangu. Sijapaka poda, sijafunga kitu. Kuna makovu, na hapa kidevuni kuna moja imekuja juzi, nimeiacha nayo ije kanisani. Daktari anasema huenda nitameza kwa muda mrefu, na atakuwa ananipima. Namshukuru Mungu kwa huyo mama, kwa mikono yake, kwa kutocheka. Sioni tena ugomvi kati ya goti langu na kidonge changu.

Sasa nasema kwa sauti, wa nyuma wasikie. Vidonge vile vilikuwa vyangu. Mimi, Fridah, mjane, navimeza kwa sababu ya ngozi, na hata ningekuwa navimeza kwa sababu nyingine, havikuwa vya Zipora. Mtoto huyu hakufanya kosa. Kosa nilifanya mimi, mama yake, hapa hapa, magoti yangu yakiwa bado na vumbi la madhabahu. Mwalimu wa kwaya, nakuomba mbele ya wote umrudishie nafasi yake. Zipora, mwanangu, uliniuliza nitawaambia lini. Ni leo. Nisamehe.

Na wewe dada uliyekaa na kitambaa chako mpaka machoni, nimekuona tangu nilipoingia, na sitakutaja. Mwamini Bwana, halafu mwamini na daktari ambaye Bwana alimpa akili. Usimeze yangu, mwili wako si wangu, huenda wewe utapewa kitu kingine. Lakini nenda ukapimwe. Ukiogopa kwenda peke yako, nitakuwa sokoni Jumanne mpaka saa sita, niambie tu "Mukene," nitafunga mzigo twende wote.

Nimemaliza. Nataka kwenda mbele nipige magoti, nimshukuru Mungu ipasavyo, maana mara ya mwisho nilimaliza vibaya. Mama Khainza, dada yangu, uko wapi? Usitazame chini, wewe hukukosea kitu. Njoo unishikie mkoba. Uache wazi hivyo hivyo. Vidonge vimo humo, na ni vyangu.