Prosesa Ishirini Zisizoingia

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzetu na wanafunzi,

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Sisi Kamati ya Wazazi, watu tisa, tunafurahi kukuona, ingawa kwa kweli tungetamani uje siku nyingine. Karatasi hii ina mistari iliyofutwa kwa kalamu. Tumeifuta asubuhi hii, utuwie radhi.

HISTORIA

Mwaka jana ulitupa fedha za kufufua kompyuta ishirini za mezani zilizolala stoo. Mwalimu wa kompyuta alizifungua, akatuandikia cha kununua: prosesa ishirini, yaani ubongo wa kompyuta, za mezani. Neno "mezani" alilipigia mstari mara mbili.

Dukani tulikuta prosesa moja ya mezani inauzwa kwa bei ya tatu za kompyuta mpakato. Jina lile lile, namba karibu ile ile. Tukaona tumeokota dodo chini ya mnazi. Tulijiambia kwamba mpakato ndiyo inayobebwa na wakubwa, basi ubongo wake hauwezi kuwa duni. Muuzaji akatuuliza, "Mna uhakika ni hizi?" Mweka hazina wetu, ambaye ni kinyozi, akamjibu, "Wewe funga mzigo, kaka. Hatukuja darasani."

MAFANIKIO

Hapa paliandikwa kwamba kompyuta zote zinafanya kazi. Haiwaki hata moja. Prosesa za mpakato haziingii kwenye kompyuta za mezani, na muuzaji hapokei kilichokwisha kufunguliwa. Mafanikio tuliyo nayo ni viti. Chenji iliyobaki ilinunua viti vya meza kuu, pamoja na hicho ulichokalia.

CHANGAMOTO

Changamoto ni sisi. Mwalimu mkuu alipouliza kwa nini kompyuta haziwaki, tulisema mwalimu wa kompyuta ameziharibu prosesa wakati wa kuzifunga. Yeye alikuwa mmoja, sisi tisa. Amesimamishwa kazi, wiki ya sita sasa.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwenzetu fundi cherehani, aliyekuwa akishona vile vitambaa vya buluu vya kufunikia kompyuta, alikutana na mwalimu huyo kwenye foleni ya maji. Mwalimu akamwambia, "Shikamoo mama. Mwanao hesabu zinakwendaje?" Fundi alirudi nyumbani akashindwa kushona. Tunaona aibu, mgeni rasmi.

MAOMBI

Hatuombi fedha, viti tutaviuza. Tunaomba mwalimu arudishwe kazini, na mwalimu mkuu asikie hapa hapa, mbele ya watoto, kwamba tulisema uongo.

Ratiba inasema sasa utafunua vitambaa. Tunakuomba usivifunue. Mwalimu yupo nyuma, kando ya mlango. Tulimwalika bila kumwambia sababu. Siku kompyuta zitakapowaka, afunue yeye.

Mwalimu, mwanetu, tusamehe.

Mungu akufikishe salama kwako, mgeni rasmi, na sisi atupe macho ya kumtazama mwalimu.

Ni sisi, Kamati ya Wazazi. Sahihi ziko chini, zote tisa, hata ya kinyozi.